Oili ya giaboksi na difu kwenye Land Cruiser ya kilomita 387,000: ibadilishwe au iachwe?

Swali: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya Toyota Land Cruiser ya mwaka 2006, yenye injini ya 1HZ, gia za kuingiza kwa mkono na ekseli nzima zenye difu mbele na nyuma. Niliinunua mnadani mwaka jana, zamani ilikuwa ya mradi. Mita inasoma kilomita 387,000. Kazi yake ni kubeba viazi kutoka Makete hadi Makambako. Asubuhi gia ya pili na ya tatu zinagoma, zikiingia zinakwaruza, lakini gari likishapata moto zinalainika. Pia nyuma kuna mlio kama wa nyuki likifika spidi ya 80. Fundi wetu wa hapa anasema oili ya giaboksi na difu iliyokaa muda mrefu isiguswe kabisa, kwa sababu ikiwekwa mpya giaboksi itakufa. Anashauri tuongeze tu oili nzito ya namba 140 ili mlio upungue. Dereva anasema ibadilishwe yote. Karatasi za kuonyesha mara ya mwisho ilibadilishwa lini hakuna. Nimsikilize nani? Na kama ni kubadilisha, tufanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa oili, msikilize dereva: ibadilishwe, tena zote nne, ya giaboksi, ya transfa (boksi linalogawa nguvu kwenda difu ya mbele na ya nyuma), ya difu ya mbele na ya difu ya nyuma. Fundi wenu naye usimdharau. Anachosema ni kweli, ila ni kweli ya gari la aina nyingine.

Hofu hiyo imetoka kwenye magari ya otomatiki. Ndani ya giaboksi ya otomatiki gia hushikwa na sahani nyembamba za klachi zinazooga kwenye haidroliki, yaani oili ya giaboksi hiyo. Gari likikimbia kilomita laki mbili au tatu bila haidroliki kubadilishwa, zile sahani zinalika na unga wake unabaki humo humo. Mwenye gari anakumbuka kubadilisha siku ambayo gia zimeshaanza kuteleza. Anapelekewa mashine ya kusukuma kwa presha, uchafu uliokuwa umetulia unatifuka na kwenda kuziba vijia vya valvu, na sahani zilizochoka zinashindwa kushika. Baada ya siku mbili gari halipandi mlima, na lawama yote inaiangukia haidroliki mpya. Kumbe giaboksi ilikuwa mahututi tangu mwanzo, ndiyo maana ikapelekwa gereji. Hata kwa gari la otomatiki lililozeeka mimi hubadilisha, ila kwa kumwaga ile inayotoka yenyewe na kujaza kiasi hicho hicho, halafu narudia baada ya kilomita elfu moja au mbili, bila mashine ya presha. Likiwa limeshaanza kuteleza namwambia mwenyewe ukweli kabla sijashika spana.

Giaboksi yako haina sahani hizo. Giaboksi yako ina meno ya chuma, beringi, na pete za sinkronaiza za shaba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji uchafu ili kifanye kazi. Tena kumbuka kwamba injini ina filta ya oili, lakini giaboksi hii na difu hazina. Kila punje ya chuma iliyokatika tangu siku ya mwisho oili ilipobadilishwa bado inazunguka humo, isipokuwa ile iliyonaswa na sumaku ya kizibo. Punje hizo zikipita kwenye beringi zinafanya kazi ya msasa. Na oili yenyewe huchoka: viungo vyake vinavyolinda meno yasisagane chini ya mzigo huisha kwa joto, na hewa huifanya iwe nzito na chachu. Nimefungua giaboksi na difu za Land Cruiser kwa miaka 26, nyingi zimepita kilomita laki tatu, na sijakuta hata moja iliyouawa na oili safi ya aina yake. Zilizokufa zilikuwa kavu, au zimeingia maji, au zimewekewa oili isiyo yake.

Kuna jambo moja ambalo fundi wenu anaweza kukushika nalo, nalo ni kuvuja. Sili, yale mapete ya mpira yanayozuia oili isitoke, kwenye gari la umri huu zimekauka na kuwa ngumu, na mara nyingine kinachozuia oili isitoke ni ule ugando wenyewe. Ukiweka oili safi unaweza kuona matone mahali ambapo palikuwa pakavu. Hilo likitokea, ujue sili ilikuwa imeshakufa na ulikuwa hujaambiwa. Sili ya kwenye flenji ya piniani, pale shafti ya propela inapoingia kwenye difu, au ya nyuma ya transfa si kitu cha kuogopa. Kuendesha bila kujua kwamba inavuja ndiko kunakogharimu difu nzima.

Sasa tuje kwenye gia zinazogoma asubuhi, maana hapo ndipo ushauri wa 140 unaponitia wasiwasi. Sinkronaiza ni breki ndogo. Unapovuta gia kutoka ya tatu kwenda ya pili, ile pete ya shaba inabanwa kwenye koni ya gia ili spidi zao zilingane kabla meno hayajakutana. Ili pete ishike, lazima kwanza ifute utando wa oili uliopo kwenye koni. Oili ikiwa nzito na ya baridi, utando haufutiki upesi, pete inateleza, meno yanakutana kabla ya wakati, na wewe unasikia mkwaruzo. Makete na Njombe mwezi wa 6 na wa 7 mnaamka na barafu kwenye majani. Ukiweka 140 kwenye giaboksi huko, kila asubuhi unalazimisha zile pete zifanye kazi zisiyoiweza, na zitalika upesi kuliko zilivyolika miaka yote iliyopita. Kwa dalili ulizonieleza, kwamba likipata moto zinalainika, nadhani kuna uwezekano mkubwa humo ndani tayari kuna 140 iliyowekwa na mtu kabla ya mnada. Mtaijua ikitoka: itashuka polepole kama asali hata ikiwa ya vuguvugu.

Kabla ya kuilaumu oili, hakikisheni klachi inaachia sawasawa. Gari likiwa limesimama, injini inaunguruma, kanyaga klachi hadi chini, subiri sekunde tano, kisha weka gia ya rivasi. Ikiingia kwa kukwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haiachii yote. Angalieni mafuta ya klachi kwenye kikopo chake, na silinda za juu na chini kama zinavuja. Na kama mkwaruzo wa gia ya pili unaendelea hata gari likiwa na moto na oili ikiwa sahihi, basi pete zenyewe zimekwisha, na hakuna oili itakayozirudisha.

Mlio wa nyuma nao unajieleza wenyewe ukiupima. Tafuteni barabara tambarare, mfike spidi 80 mlio uanze. Dereva akanyage mafuta kidogo, kisha aachie kabisa gari liserereke likiwa kwenye gia. Mlio unaopanda anapokanyaga na kubadilika au kupotea anapoachia unatoka kwenye krauni na piniani, yaani gia kubwa na gia ndogo za ndani ya difu, au beringi za piniani. Mlio usiojali mafuta ila unabadilika gari linapoyumbishwa kushoto na kulia unatoka kwenye beringi za habu. Baadaye, gari likiwa limesimama na magurudumu yamezuiwa, shika flenji ya piniani pale propela inapofungwa uivute na kuisukuma. Mzunguko mdogo wa kwenda na kurudi ni kawaida, lakini ikicheza ndani na nje, au juu na chini, beringi za piniani zimelegea, na hiyo ni kazi ya kufungua difu na kuipanga upya kwa vipimo.

Kuweka 140 ili mlio upungue ni kumziba mgonjwa mdomo. Mlio utapungua kweli, kwa wiki kadhaa, na chuma kitaendelea kulika bila wewe kusikia. Nimewahi kufungua difu ya gari lililonunuliwa likiwa kimya kabisa, nikakuta unga wa mbao umechanganywa na oili nzito hadi ukawa kama uji. Mwenye gari alilia mbele yangu. Gari lako limetoka mnadani, kwa hiyo oili ikitoka ichunguzeni na kwa hilo pia.

Oili gani basi? Kwenye difu zote mbili wekeni oili ya gia ya daraja la GL-5 (GL ni daraja la kinga ya meno, limeandikwa kwenye chupa), namba 90 au 80W-90. Meno ya krauni na piniani hayabingiriani tu, yanasuguana kwa kuteleza huku yamebanwa na mzigo, na ni GL-5 yenye dawa ya kutosha ya salfa na fosforasi kuhimili hilo. Vitabu vya Toyota vya magari haya vinataja SAE 90 kwa baridi yoyote isiyofika nyuzi 18 chini ya sifuri, na hata Julai ya Makete haifiki huko. Kwenye giaboksi na transfa ni 75W-90, na hapo nakuomba mtafute ya GL-4. Toyota yenyewe huruhusu GL-4 au GL-5 kwenye giaboksi zake nyingi za mkono, kwa hiyo mkikosa kabisa msilale njaa. Lakini dawa ile ile inayolinda meno ya difu, ikizidi na ikipata joto, huishambulia shaba, na tena huifanya pete ya sinkronaiza iteleze zaidi. Kwa giaboksi ambayo pete zake zimeshatumika kilomita karibu laki nne, GL-4 ndiyo huruma utakayoifanyia. Hiyo namba 75 mbele inaonyesha inavyokuwa nyepesi kwenye baridi, na ndiyo itakayowasaidia asubuhi.

Mtu akikwambia weka oili ya injini kwenye giaboksi, usishangae, kwa sababu yapo magari yanayotaka hivyo. Baadhi ya Isuzu na Honda za gia za mkono vitabu vyake vinaagiza oili ya injini. Gari lako si mojawapo.

Kabla hamjanunua, jueni difu ya nyuma ni ya aina gani. Magari ya miradi mara nyingine huja na difu yenye sahani za kuzuia tairi moja lisizunguke peke yake kwenye tope, na hiyo inataka oili iliyoandikwa LSD, la sivyo itakuwa inagonga na kutetemeka kwenye kona. Zuieni magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo, inueni ya nyuma yote mawili juu ya stendi, handbreki iachiwe, gia iwe ya kwanza, kisha zungusha tairi moja kwa mkono. Jingine likizunguka kinyume kwa wepesi, ni difu ya kawaida. Likigoma sana, ni ya sahani. Kama gari lina swichi ya kufunga difu kwenye dashibodi, hiyo ni kitu kingine na inatumia oili ya kawaida ya GL-5.

Kwa wingi, ndoo ya lita 20 ya oili ya difu na dumu za oili ya giaboksi zitawatosha na zitabaki kwa mara ya pili, ambayo nitaieleza. Nunueni dukani penye jina la kulinda, si kwenye chupa iliyofunguliwa. Oili halisi ya gia ina harufu kali ya salfa, ya kukera kabisa. Ikinukia kama oili ya injini tu, irudisheni.

Kazi yenyewe haitaki gereji kubwa. Endesheni gari kilomita 15 au 20 ili oili ipate moto na ichukue uchafu uliolala chini, kisha liegesheni mahali tambarare kabisa. Gari likiinama mbele, mtajaza giaboksi pungufu au kupita kiasi bila kujua. Msilinyanyue kwa jeki, pikapu hii iko juu vya kutosha mtu kuingia chini.

Sasa nisikilizeni hapa. Fungueni kwanza kizibo cha juu, cha kujazia, kabla ya kugusa cha chini. Kwenye gari lililokaa miaka, kizibo cha kujazia kinaweza kuwa kimeng'ang'ania au kimeviringwa na mtu aliyetumia spana isiyo yake. Ukimwaga oili halafu ukashindwa kufungua cha kujazia, gari limelala hapo hapo. Kuna bwana mmoja alinipigia simu kutoka huko Ludewa akiwa katika hali hiyo, na nililazimika kusafiri siku nzima na mashine ya kuchomelea ili kuchomelea nati juu ya kizibo na kukitoa. Kwenye vizibo hivi spana ya boksi ya 24 ndiyo inayokamata vingi. Tumieni ya pembe sita, si ya pembe 12. Kikiwa kigumu, kipasheni moto kidogo kuzunguka chuma, kigongeni taratibu, kisha jaribuni tena.

Kila oili iingie kwenye karai lake. Msichanganye, kwa sababu oili inayotoka ndiyo ripoti ya daktari. Ichoteni kwenye chupa nyeupe, andikeni juu yake imetoka wapi na kilomita ngapi. Iliyobaki ichujeni kwenye kitambaa cheupe. Kwenye sumaku ya kizibo mtakuta tope jeusi laini kama ugoro uliolowa, na hilo lisiwatishe, ndiyo uzee wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kidole, vijiti vya beringi, au kona ya jino, hivyo vinataka difu ifunguliwe kabla gari halijabeba gunia lingine. Kwenye oili ya giaboksi, iangalieni juani: ikimeta dhahabu dhahabu, hizo ni pete za shaba zinazolika. Kumeta kidogo kwa umri huu nitakusamehe. Ikionekana kama rangi ya kupaka, anza kuweka akiba ya kufungua giaboksi. Na oili iliyokuwa nyeupe kama chai ya maziwa ina maji.

Kuna kipimo cha nne ambacho watu wengi hawakifanyi: pimeni ni kiasi gani kimetoka giaboksi na kiasi gani kimetoka transfa, kisha mlinganishe na kitabu. Kati ya viwili hivi kuna sili, na kwenye Land Cruiser zilizozeeka sili hiyo ikichoka oili huhama kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Transfa inajaa kupita kizibo chake na giaboksi inabaki na njaa, bila tone hata moja kuonekana chini. Nimekuta giaboksi yenye nusu tu ya oili yake kwenye gari ambalo mwenyewe aliapa halivuji. Lilikuwa halivuji kweli.

Safisheni vizibo, badilisheni washa zake za kubana, rudisheni vya chini na kuvikaza kwa mkono wa kawaida wa spana. Msichomeke bomba kurefusha mpini. Uzi wa ganda la giaboksi au la transfa ukichanika mtalia. Kujaza tumieni pampu ya mkono, au mpira mrefu wenye faneli ukipitishwa kutoka juu. Jazeni hadi oili ianze kumwagika yenyewe kwenye mdomo wa tundu la kujazia, acheni ichuruzike hadi iwe matone, kisha fungeni. Kwenye difu subirini dakika kumi mwongeze tena, kwa kuwa oili huchukua muda kusambaa kwenye mirija ya ekseli.

Oili ya zamani msimwage kwenye mfereji wa shamba. Watu wa mbao huipaka kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa, wataichukua wenyewe.

Mkiwa chini hapo, malizieni mambo ambayo oili peke yake haitayaponya. La kwanza ni vipumulio. Kila difu, giaboksi na transfa ina kitundu cha kupumulia, kwa sababu ikipata moto hewa ndani inatanuka na ikipoa inasinyaa. Barabara za huko zina tope na madaraja ya kuvuka ndani ya maji. Difu yenye moto ikiingia mtoni inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na kipumulio kikiwa kimeziba au kiko chini ya maji, difu inanyonya maji kupitia kwenye sili. Kikiziba gari likiwa na moto, presha inaisukuma oili nje kupitia sili za ekseli, nayo inaishia kwenye breki za nyuma. Sitaki uwe na breki zenye oili siku unateremka mlima wa Kitonga. Toeni vipumulio, vioshwe kwa petroli, vipulizwe, na kama havina mpira wa kuvipandisha juu hadi kwenye bodi, wekeni. Ni mpira wa bei ndogo.

La pili ni magoti ya mbele, yale mapira makubwa ya chuma nyuma ya magurudumu. Ndani yake ni grisi, na sili ya ndani ndiyo inayoizuia oili ya difu isiingie humo. Pira likiwa limelowa uji mweusi mwembamba, na difu ya mbele ikatoa oili pungufu, sili hiyo imekufa. Grisi iliyochanganyika na oili haifai tena. Magoti yafunguliwe, yaoshwe, yawekwe sili mpya na grisi yenye molibdenamu. Ni kazi ya siku nzima, si ya jioni.

Propela zipigeni grisi kwenye nipo zote, za krosi (viungo vya ncha za propela) na za shafti inayoteleza. Krosi nzuri hutoa grisi mpya pande zote nne. Upande mmoja ukigoma, krosi hiyo imeshaanza kukauka. Mlio wa "kluk" unapoondoka mara nyingi ni krosi, na watu hufungua difu bure. Kwenye shafti inayoteleza msipige grisi nyingi hadi ijae, itashindwa kujifupisha.

Na difu ya mbele itembezeni. Friwili, vile vifungio vya kwenye habu za mbele, zikiwa zimefunguliwa, krauni ya mbele haizunguki, oili inalala chini na meno ya juu yanabaki makavu hadi yanashika kutu. Mara moja kwa mwezi fungeni friwili, wekeni fowili (magurudumu yote manne yavute), mwende kilomita chache kwenye barabara ya vumbi. Kwenye lami hapana, mtaibana transfa.

Sasa ile mara ya pili. Kwa gari lisilo na historia, oili ya kwanza mimi naihesabu kuwa ni ya kuosha. Endesheni kilomita 1,500, mzigo wa kawaida, kisha mwage zote tena na kujaza nyingine. Mtaona ya pili itakavyotoka na uchafu uliokuwa umeganda kwenye kona. Baada ya hapo kila kilomita 40,000 zingetosha gari la mjini. Gari lako linabeba lumbesa mlimani, kwa hiyo nakupa 20,000. Mkivuka maji yaliyofika kwenye habu, fungueni kizibo cha difu jioni ile ile mwangalie rangi, msisubiri kilomita.

Usitegemee mlio wa nyuma upotee. Kama piniani imeshachongoka, itaendelea kulia, lakini difu inayolia ikiwa na oili safi na beringi zilizobana inaweza kufanya kazi muda mrefu, na mtakuwa na nafasi ya kutafuta difu nzuri bila haraka. Nataka kusikia tu kama mlio unaongezeka au umebaki pale pale, basi dereva aandike kila mwezi unaanzia spidi ngapi.

Zile chupa nne za oili iliyotoka ziacheni dirishani usiku kucha bila kuzitikisa. Asubuhi mkikuta mstari wa maji chini ya chupa ya difu yoyote, malizeni vipumulio na sili za difu hiyo kabla ya kutia oili ya mara ya pili.